Ukuta wa Kina Nkwimba

Ukiziba ufa, utabomolewa ukuta. Najua shuleni mlifundishwa kinyume chake. Hata mimi nilifundishwa, nikaandikishwa mara ishirini kwa mwandiko wa kuunganisha. Lakini waliotunga methali ile hawakuishi Lugembe, na hawakuishi chini ya Sheria Ndogo ya Majengo Yenye Sauti.

Bibi yangu, Mbuke binti Sengasu, alikuwa mkandikaji. Alikandika kuta za watu kwa miaka hamsini, na za kwake alizikandika upya kila masika yakiisha. Ufa ukitokea asubuhi, adhuhuri haupo. Siku halmashauri ya mji ilipoleta kibuyu, chombo chake cha kusikilizia kuta, kuta za bibi zilitoa tangazo la dawa ya mbu, wimbo nusu wa redioni, na bibi akipiga chafya mara tatu. Udongo wa juu ulikuwa wa mwaka uliotangulia. Karani wa zamani akaandika: "Haina sauti ya kale." Wiki tatu baadaye, nyumba ikawa vumbi na mahali pake pakasimama mnara wa umande. Bibi hakumaliza mwaka. Mpaka leo nachota maji pale palipokuwa na jiko lake, na maji yenyewe ni matamu, jambo linaloniudhi zaidi.

Kina Nkwimba hawakuziba ufa hata mmoja. Tangu nipate akili sijamwona mtu akipandisha udongo kwenye tembe lao, nyumba ya udongo ya tangu enzi. Nyufa zilipitisha mkono, kuku walitagia ukutani. Kwa uvivu ule ule, udongo wao wa zamani ulibaki mahali pake na kilichonaswa ndani yake.

Nilikuwa na wivu. Nalisema mapema ili mtu asije kujifanya amenigundua.

Nkwimba na mimi tulikaa dawati moja miaka saba. Mimi nilikuwa mtu wa kutafuta, yeye mtu wa kupewa. Nilikariri ngonjera siku tisa. Siku ya sherehe mwalimu akamsimamisha yeye mbele kwa sababu sare yake ilikuwa mpya. Hakuwa mbaya. Angekuwa mbaya ningepumzika.

*

Kibuyu kina jina refu la kiwandani ambalo hakuna anayelitamka. Kwa umbo ni kibuyu, tumbo kubwa na shingo nyembamba, na wazee walipokiona mara ya kwanza waliuliza mganga yuko wapi.

Kazi yake ni hii. Udongo mbichi ukipakwa ukutani, ngozi yake ya juu hubaki laini kwa saa tatu au nne. Mtu akisema karibu yake, sauti huutikisa, na chembe za udongo hujipanga kwa kufuata mtikisiko. Jua likipiga, zinakauka zilivyojipanga. Kibuyu hupuliza mvuke, kikamulika mwanga mwembamba kuliko unywele, kikasoma mpangilio ule na kuurudisha kuwa sauti. Tatizo ni moja: mvuke unaofungua ngozi ndio unaoiangusha. Ukishasomwa, udongo unamwagika kama unga. Ukuta husema mara moja tu.

Na kibuyu hakijui umri. Sauti ya mwaka juzi na sauti ya miaka mia, kwake zote ni mitikisiko. Ndiyo maana sheria inamtaka karani wa sauti, mtu mwenye stashahada ya lugha, asikilize na kujaza nafasi mbili katika Daftari la Majengo: mwenye sauti na umri wa sauti. Umri tunaupima kwa maneno. Salamu gani inatumika, neno gani la kukopa limeshaingia, lipi bado. Sauti ikipita miaka sitini, halmashauri inailinda nyumba, hakuna wa kuigusa, sauti inawekwa kwenye hifadhi ya ofisi, na nyumba inaitwa kwa jina la mwenye sauti. Isipofika, mnara.

Madiwani waliopitisha sheria hiyo walidhani wamefanya ujanja mkubwa. Nyumba ni nyingi, maji ni haba, wakatafuta kipimo kisicho na ubishi. Hawakufikiria kwamba nyumba inaweza kuwa nzee kuliko udongo wake.

Karani wa sauti wa Lugembe, mwaka ule, nilikuwa mimi.

*

"Shikamoo mama."

"Eeh?"

"Shikamoo!"

"Marahaba, Wande. Usipige kelele, si kiziwi mimi, masikio ndiyo hayasikii." Mama yake Nkwimba alikuwa ameketi barazani akichambua mchele, na alibaki hapo hapo muda wote. Tulipoingia ndani alikuwa ameshatusahau.

Nkwimba alivaa kitenge kipya kana kwamba anaozwa. Alinivuta pembeni, chini ya mlango wa mninga ambao nakshi zake zilichongwa kabla mji huu haujawa na reli.

"Wande, leo usije na roho yako ile."

"Roho ipi?"

"Ya darasa la tano."

"Nimeiacha ofisini. Imebaki inagonga mihuri."

Alicheka, lakini aliogopa. Alikuwa na haki. Alizaliwa ndani ya tembe lile, kama mama yake, na mama huyo aliolewa humo humo. Hawakuwa na kwingine.

Fundi wa kibuyu, Sayi, mtu mfupi wa maneno mengi, alipima chumba cha mashariki na kuchagua ukuta wa kona. "Haya, dada zangu," alisema, "ukuta nao una masikio, na leo una mdomo. Anayetaka kukohoa akohoe sasa." Mvuke ukapulizwa. Mwanga ukaanza kushuka, mstari kwa mstari.

Kwanza tulisikia kiganja. Papasa, papasa, papasa, kiganja kipana kikilainisha udongo. Kisha mtoto analia, kilio cha hasira, si cha njaa. Kisha mwanamke:

"Nyamaza, mke mwenza. Nyamaza. Una wivu hata na ukuta? Namaliza kona hii nakubeba. Ukuta huu wa watu, mimi ndiye wako. Loo, mke mwenza gani huyu, ananililia kama nimemnyang'anya bwana!"

Papasa, papasa.

"Haya njoo. Njoo na wewe ushike. Umeona? Ni matope tu."

Kisha kofi dogo juu ya udongo. Pa. Pa. Na mtoto akanyamaza.

Udongo ulimwagika wote sakafuni, na Nkwimba akapiga kigelegele.

"Wake wenza! Sayi, umesikia? Ni wake wa babu Kapela! Mji mzima unajua alikuwa na wake wawili, na walivyogombana! Huyo ni bi mkubwa anamsema bi mdogo, ona, mpaka mtoto wa mwenzake analia!" Akanirukia shingoni. Machozi yake yalinilowesha kola. "Wande, tumepona. Tumepona, ndugu yangu."

Mtu husikia anachokingoja. Nchi nzima hii hakuna mtoto wa kike ambaye bibi yake hakumwita mke mwenza. Nkwimba mwenyewe aliitwa hivyo. Lakini yeye alikuwa na wake wenza wa kweli katika hadithi za kwao, wakisubiri miaka yote watokee ukutani, na walipoitwa akawaona.

Mimi sikuona wake wenza. Mimi niliujua ule mkwaruzo kwenye koo alipotamka "watu". Ile ilikuwa sauti ya bibi yangu, kibarua, akikandika nyumba ya kina Nkwimba na mjukuu ameketishwa chini kwenye kanga. Kilio kilikuwa changu.

Nilimkumbatia Nkwimba kwa sababu mikono yangu ilikuwa tayari pale. Mji mzima ulikuwa umempa kila kitu, na sasa nyumba yake ilikuwa imemtunzia hata bibi yangu. Nilimwonea wivu. Nikamwonea wivu hata yule mtoto, ambaye baada ya pale alibebwa.

*

Siku mbili nilikaa na daftari wazi mezani.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minane. Kwa hiyo sauti ilikuwa na miaka ishirini na minane. Hapo hapakuhitaji stashahada. Kuandika ukweli kulimaanisha tembe la kina Nkwimba, lenye nguzo zilizosimama vizazi sita, lingeangushwa kwa sababu miaka ishirini na minane iliyopita mtu mmoja alilipaka udongo vizuri. Na kuandika alivyotaka Nkwimba kulimaanisha kumchukua Mbuke binti Sengasu, ambaye kuta zake mwenyewe zilikosa la kusema, na kumgeuza bi mkubwa wa Kapela. Angeitwa kwa jina la mwanamke asiyemjua, mlangoni, milele, na watoto wa shule wangeletwa kusimuliwa alivyogombana na mwenzake.

Mwenyekiti wa Mtaa wa Igurubi alipita ofisini siku ya pili. "Karani, kile kiwanja cha kina Kapela, tulishaambiwa tutegemee mnara. Kina mama wangu wanatembea saa nzima na ndoo."

"Bado naandika, mwenyekiti."

"Andika basi kwa kufikiria ndoo."

Sitajisafisha. Mchana ule nilitaka lianguke. Nilitaka Nkwimba asimame barabarani na magodoro kama nilivyosimama mimi, ajue maji ya nyumba yako yana ladha gani. Nilishika kalamu kuandika "ishirini na minane", na kilichonisukuma hakikuwa ukweli. Nilijua, kwa sababu nilikuwa nikitabasamu.

Nikaacha. Ofisi ikiwa imejaa watu na saa nane imegonga, nikaandika uongo mmoja na ukweli mmoja.

Umri wa sauti: miaka tisini.

Mwenye sauti: Mbuke binti Sengasu, mkandikaji.

*

Kibao kilipigiliwa Jumatatu. NYUMBA YA MBUKE BINTI SENGASU, MKANDIKAJI. INALINDWA NA HALMASHAURI YA MJI WA LUGEMBE. Jumanne Nkwimba aliingia ofisini kwangu bila hodi, akafunga mlango, akabaki ameuegemea.

"Mama amesoma kibao."

"Anaendeleaje?"

"Usiniulize anaendeleaje! Amecheka, Wande. Amecheka mpaka mchele ukamwagika. Anasema Bi Mbuke alikuja kukandika chumba cha mashariki mwaka wa nzige, akaja na kitoto kikorofi kilicholia siku nne, mpaka baba akahamia kwa jirani." Alinikazia macho. "Mwaka wa nzige si miaka tisini."

"Si tisini."

"Kile kitoto ni wewe."

"Ni mimi."

Akateremsha sauti ikawa mnong'ono. "Sauti ina miaka ishirini na minane."

"Na mlango wa ofisi ya mkurugenzi uko wazi. Nenda kamwambie."

Niliona hesabu ikipita usoni mwake, polepole, kama tulivyokuwa tukifanya kwenye dawati. Akisema kwamba Mbuke si mtu wa miaka tisini, nyumba inakwenda. Akinyamaza, nyumba inabaki, lakini inabaki ya Mbuke. Akakaa kwenye kiti cha wageni.

"Umetuibia nyumba kwa kuiokoa," alisema.

"Mnalala ndani. Mnapika ndani. Nimechukua jina tu."

"Jina ndilo nyumba! Watu wanapita wanauliza, 'Mbuke ni nani yenu?' Niseme nini? Kibarua? Tulimpa kazi siku nne?"

"Sema hivyo hivyo. Ni kweli."

"Kwa nini hukuandika jina la bi mkubwa tu? Ulishadanganya, ungedanganya mpaka mwisho. Ungepungukiwa nini?"

"Bibi yangu."

Nkwimba alinitazama, na kwa mara ya kwanza maishani niliona ananionea mimi wivu. Haikunipa raha niliyoitarajia. Ilinipa, lakini si yote.

"Darasa la tano," alisema akiinuka. "Ulinichania daftari kwa sababu mwalimu alichora nyota. Hujabadilika hata kidogo."

"Nyota ile ilikuwa ya insha niliyokuandikia mimi."

*

Kuna kifungu katika sheria ile ambacho madiwani walikiweka kwa ajili ya adabu. Daftari likishagongwa muhuri hakuna anayeweza kulibadili, si mkurugenzi, si mwenyekiti, isipokuwa karani aliyeandika, kwa mkono wake, ndani ya siku thelathini, kwa kutumia karatasi iitwayo hati ya radhi. Maneno yake yameshapigwa chapa: *Mimi nilikosea. Naomba radhi kwa familia na kwa halmashauri. Jina sahihi ni* — halafu nukta nyingi, halafu mahali pa kusaini. Ukisaini, jina linabadilika, umri unabaki. Nkwimba, mtu wa kupewa, safari hii alitafuta. Alisoma sheria ndogo nzima mpaka akakipata.

Siku ya ishirini na sita niliitwa mbele ya Kamati ya Mipango Miji. Mheshimiwa Lusangija, mwenyekiti wa kamati, alikaa katikati, miwani juu ya kipara. Nkwimba na mama yake walikaa kulia. Nyuma walikaa kina mama wa Igurubi, waliokuja kuuliza habari za mnara na hawakuondoka.

"Karani Wande," alianza mheshimiwa, "nyumba imelindwa, tunakupongeza. Ila familia ina manung'uniko. Wanasema huyu Mbuke hakuwa mtu wao. Wewe unasemaje?"

"Hakuwa mtu wao, mheshimiwa. Alikuwa mkandikaji wao."

"Sasa tangu lini nyumba ikaitwa kwa jina la kibarua?"

"Sheria inasema mwenye sauti. Haikusema mwenye hati ya kiwanja."

Nyuma mama mmoja akasema, "Hapo amekupata, Lusangija," na wenzake wakaguna.

"Utaratibu!" Mheshimiwa alishusha miwani. "Karani, nina taarifa kwamba marehemu alikuwa bibi yako."

Nkwimba alitazama sakafu. Hapo alikuwa amecheza karibu sana na moto. Kama mtu mmoja tu chumbani angeuliza bibi wa msichana wa miaka ishirini na minane aliwezaje kuwa mtu mzima miaka tisini iliyopita, tungeungua wote wawili. Lakini wanakamati walikuwa wanaume wa makamo, na kwao bibi ni mtu aliyekuwa mzee tangu zamani.

"Ndiyo, ni bibi yangu."

"Na nyumba yake ilibomolewa na halmashauri hii."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo, nikuulize kama mwanangu, wala si kama mwenyekiti. Ulipoandika jina lile, ulikuwa unafanya kazi au ulikuwa na wivu?"

Mama yake Nkwimba akamgusa binti yake, "Amesema nini?" na Nkwimba akampigapiga mkono.

"Nilikuwa na wivu, mheshimiwa. Na jina ni sahihi."

"Aa! Si umeona? Basi mambo ni mepesi." Alisogeza hati ya radhi mbele yangu. "Saini hapa. Andika jina la bi mkubwa wa Kapela. Kazi yako inabaki. Usiposaini, nitalazimika kukuondoa, na unajua maana yake. Sauti ziko kwenye hifadhi ya ofisi. Wanaoruhusiwa kuzisikiliza ni karani, na wakaazi wa nyumba wanaopewa nakala, basi. Hutaisikia tena."

Hilo nilikuwa nimelifikiria siku ishirini na sita, na bado lilinipiga upya. Kila siku nilikuwa nikifungua hifadhi saa nne, wakati wenzangu wanakunywa chai, nasikiliza kiganja kile. Papasa, papasa. *Mimi ndiye wako.* Picha za bibi ziliungua na simu yake. Nguo zake tuligawana. Kilichobaki duniani ni dakika moja na nusu, na nikikataa itabaki kwa Nkwimba, aisikilize akitaka, asipotaka aiache ikae.

Nkwimba aliinama upande wangu, akanong'ona kwa upole wa kweli, na upole ule ndio uliokuwa mbaya. "Saini, Wande. Mimi nitakukaribisha. Njoo kila Jumapili, usikilize mpaka uchoke. Mama atapika. Ni karatasi tu."

Niliona Jumapili hizo zote zikijipanga. Nilijiona nabisha hodi, naingia chini ya kibao chenye jina la mwanamke mwingine, nakaribishwa kiti, nasikilizishwa bibi yangu kama mgeni anavyopewa chai. Na watoto wa shule nje wakisoma jina kwa sauti, lile lisilo lake.

"Neno lenyewe ni moja tu," alisema mheshimiwa. "Hata mtoto analijua."

Nilirudisha karatasi katikati ya meza, upande wake mtupu ukiwa juu.

"Nyumba imesimama," nilisema. "Jina ni lake. Siombi radhi."

"Karani, fikiri vizuri."

"Nimefikiri. Siombi."